Asubuhi Yako, Jioni Yangu

Wanyange, Jinja
4 Machi 2024

Mkwe wangu Geresom,

Usishtuke kuona mwandiko huu. Ni mimi, Olivia, mama yake Cissy. Barua nimempa Eriya, yule kondakta wa basi la Mbale ambaye mkewe huuza dagaa pamoja nami hapa ufukweni. Nimemwambia akikukabidhi aondoke zake, asisimame kukukodolea macho unaposoma.

Namba yako ya simu ninayo. Tangu tumzike nimeitazama mara nyingi na sijaipiga. Sauti ya mkwe iniingie sikioni, niko peke yangu chumbani? Aa, hapana! Miaka kumi na moja mimi na wewe tumeongea kupitia kwa Cissy. Hata nikija kwenu, wewe uko sebuleni na mimi niko jikoni, ilikuwa "Cissy, mwambie mama chakula kilikuwa kizuri," na mimi, "Cissy, mwulize mumeo kama ameshiba." Yeye anatucheka huku anabeba maneno hatua tatu. Sasa mbeba maneno tumemzika kwenu Bugisu, na hata siku ile ya mazishi wewe ulilia mbele ya nyumba na mimi nililia nyuma.

Nisikuzungushe. Kuna kitu kimoja ninakitaka kwako.

Siku ile ya Desemba, kule jangwani kwenye bwawa la chemchemi, tuligawana mchana kama wakwe wenye adabu. Asubuhi ilikuwa yako na yeye, mimi nikabaki ndani ya gari nyuma ya pazia. Jioni ikawa yangu na yeye, wewe ukaenda kukaa kwa wale wenye ngamia. Wiki sita baadaye mtoto wangu akafa. Kwa hiyo mimi nina jioni tu, asubuhi sina. Niandikie asubuhi yako, usiache kitu. Alivaa nini? Alisema nini? Aliingia majini au hakuingia? Alicheka wapi? Ukishanipa, nami nitakuandikia jioni yangu.

Nina njaa ya mtoto wangu, Geresom. Ndivyo ilivyo, siwezi kuipamba.

Mama mkwe wako,
Olivia


Namatala, Mbale
11 Machi 2024

Mama mkwe mheshimiwa,

Shikamoo. Barua yako niliipokea siku ya Jumamosi saa nane mchana. Niliisoma nimesimama. Hata kwenye karatasi niliona haya kukaa mbele yako.

Mimi ni dereva wa magereza, kuandika kwangu ni kule kwa kitabu cha zamu, utanisamehe. Tuliondoka Mbale tarehe 26 Desemba saa kumi na mbili asubuhi, tukalala Moroto. Kesho yake tukavuka mpaka wa Kenya pale Lokiriama, tukalala Lodwar. Tarehe 28 tukashika njia ya mchanga. Wewe ulikuwa kiti cha nyuma, zile leso mbili zimefungwa katikati. Cissy alikuwa mbele na ramani magotini. Nadhani hata huko nyuma ulimsikia akisema, "Miaka kumi na mbili nawafundisha watoto wa watu habari za chemchemi za jangwani, na sijaona hata moja. Mwalimu mwongo mimi!"

Tuliwasili saa tatu na dakika kumi. Umar, mlinzi wa bwawa, alifungua geti. Bwawa ni la saruji, urefu wake kama malori mawili yakifuatana. Maji yanatoka chini ya miamba myeusi, yanapita bwawani, halafu yanatokea upande wa pili kwenye mfereji ambako mbuzi wanakunywa. Pembeni kuna mikoche mitano. Zaidi ya hapo ni mawe na jua.

Kuhusu swali lako, hakuingia majini. Alikaa ukingoni akaloweka miguu. Tuliongea habari za shule na za bati la jikoni linalovuja. Alikuwa na furaha. Saa nne na nusu tulirudi kwenye gari.

Hiyo ndiyo asubuhi, mama. Naomba jioni. Nyumba hii imekuwa kubwa. Leo nimekuta kalamu yake nyekundu ndani ya kikombe na nimeshindwa kuiondoa.

Mkwe wako mtiifu,
Geresom


Wanyange
15 Machi 2024

Geresom,

Ala! Hakuingia majini?

Hebu rudia kusoma ulichoniandikia. Umenihesabia mikoche, umenipimia bwawa kwa malori, na mtoto wangu umeninyima. Nilikuomba yeye, ukanipa bati la jikoni!

Usiniulize nimejuaje. Najua. Mtu anayemdanganya mama aliyefiwa ana kitu anaficha, na mimi simpi jioni yangu mtu wa namna hiyo.

Olivia


Namatala
24 Machi 2024

Mama mkwe,

Sijui nani amekuambia. Pengine ni Umar. Haidhuru, nilidanganya.

Aliingia. Alivaa kaptula na ile fulana yangu ya kijani ya mazoezi, akashuka ngazi moja moja amenishika mkono. Maji yalipomfika kiunoni alipiga kelele, "Geresom, ni ya moto kama chai!" Mtu mzima, naibu wa mwalimu mkuu, anarusha maji kama mtoto wa chekechea. Aliniambia hajawahi kuogelea hata siku moja maishani, naye amekulia Wanyange ambako ziwa liko mlangoni. Nikamwuliza kwa nini. Akasema, "Mama hakuniruhusu." Nikadhani uliogopa mamba.

Nikamfundisha kulala juu ya maji. Niliweka kiganja chini ya mgongo wake. Akasema, "Usiniachie," nami sikumwachia. Tulikaa hivyo mpaka shingo yake ikalegea. Kisha akasema mwenyewe, "Niachie sasa." Nikatoa mkono. Akaelea, mama. Masikio yamo ndani ya maji, macho yanatazama juu, anacheka peke yake. Pengine ilikuwa dakika mbili. Sijamwona na furaha kama ile tangu nimjue.

Alipotoka, pumzi ikamkatika. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Alikaa chini ameshika kifua, nikageuka kukuita, nikakumbuka kwamba siwezi kukuita. Ilipotulia ndipo akaniambia. Kwamba ni moyo. Kwamba tangu ana miaka tisa homa ya viungo iliuingia moyo wake, na wewe unajua, na marehemu baba yake, Sajenti, alijua, na mlinikabidhi mkiwa mmenyamaza. Nililia, sikufichi.

Akaniapisha nisikuonyeshe kwamba ninajua. Alisema, "Mama akijua kwamba unajua, hatakanyaga tena nyumbani kwetu kwa aibu. Usininyime mama yangu, Geresom." Nikaapa. Tuliporudi nikamtafutia daktari wa moyo Kampala, akatupa siku ya tarehe 20 Februari. Tarehe 9 alimaliza kipindi, akaketi kwenye chumba cha walimu, akasema amechoka kidogo. Hayo mengine unayajua.

Sasa elewa kwa nini nilidanganya. Ni mimi niliyemshusha majini. Ni mimi niliyetoa mkono. Kila nikiwasha gari asubuhi naiona ile midomo, na nadhani nilimuua.

Na wewe pia nimekukasirikia. Nisamehe, lakini nimeshaandika na sifuti. Miaka kumi na moja! Ningeambiwa, asingebeba mtungi hata mmoja wa maji katika nyumba yangu. Ukitaka watu wa ukoo wenu waje waniulize kuhusu mtoto wao, waje. Nipo.

Geresom


Namatala
28 Aprili 2024

Mama mkwe mheshimiwa,

Eriya amepita hapa safari tano, mikono mitupu. Kila basi likija nasimama pale kituoni kama mtu anayesubiri mgeni.

Kama umenihukumu, nipe hukumu yangu. Kama ni hasira yangu iliyokuudhi, nakuomba radhi nimepiga magoti huku Namatala. Jioni usinipe. Nijulishe tu kwamba u mzima.

Geresom


Wanyange
5 Mei 2024

Geresom,

Eriya ananiambia umekonda mpaka sare imekuwa kama umeazima. Kula. Hilo kwanza.

Barua yako nimekaa nayo wiki sita chini ya godoro. Hasira yako haikunikwaza. Ungekosa hasira ningekuona mtu wa ajabu. Nilikuwa na aibu, na aibu ya mtu mzima ni nzito kuliko gunia la dagaa mbichi.

Umar hakuniambia neno. Niliona mwenyewe. Nilifunua pazia.

Haya, nimesema. Nilimsikia akipiga kelele nikadhani kuna jambo, nikafunua leso kidogo, nikakuona wewe mkwe wangu kifua wazi, maji yanakutiririka, na kaptula tu! Mama mkwe gani anatazama hivyo? Kwenu Bugisu mtu akimwona mama mkwe njiani anaingia kichakani. Kwetu Busoga tunaita buko: ukivunja mwiko huo mikono inatetemeka mpaka unaingia kaburini. Nilipaswa kuangusha leso na kumwomba Mungu msamaha. Sikuiangusha. Nilimwona mtoto wangu amelala juu ya maji, nikaona mkono wako unatoka chini yake. Nilishika kitasa cha mlango nitoke nipige mayowe, maana mimi nilijua hali ya moyo ule na wewe hukujua. Kisha nikauona uso wake, nikakiachia kitasa.

Kwa hiyo kama ulimuua, tulimuua wawili, na mimi niliyejua nilimuua zaidi. Lakini hatukumuua, mkwe. Akiwa na miaka kumi na tano daktari alinikalisha chini akaniambia, mama, huyu ukimfikisha ishirini na tano ushukuru. Alifika thelathini na sita. Daktari hakuwahi kunikataza maji. Alisema asichoke. Mimi kwa woga wangu nikakataza kila kitu, ziwa, kamba, ngoma, hata kukimbia mvua. Alipokufa nikaacha kufikiria daktari, nikasema ni lile pazia, ni macho yangu, buko imeniruka mimi ikamkamata yeye. Ndiyo maana nilitaka uniambie mlisema nini pale ukingoni. Niliona midomo yenu, nikakuona unafunika uso unalia, sikusikia neno.

Na ni kweli, tulikuficha. Wachumba wawili kabla yako waliambiwa, wakanywa chai yetu wakaondoka hawakurudi. Wewe ulipokuja, viatu vinang'aa, unaita kila mtu afande hadi jirani yetu muuza mkaa, Cissy alicheka siku tatu. Nikamwambia baba yake, huyu tusimpoteze. Nilikuibia ukweli ili mwanangu apate mume. Sitaomba msamaha wa jambo kama hilo kwa karatasi.

Sasa jioni yako. Nilikuahidi jioni kama tajiri anayeahidi shamba, na sina kitu.

Saa kumi na moja jua lilipolegea aliingia tena, mpaka kifuani, akaninyooshea mikono miwili. "Mama, ingia." Nikamwambia siingii maji aliyooga mkwe wangu, nitakuwa nimemgusa. Akacheka, "Mama, maji ya asubuhi yameshatoka, mbuzi wameyanywa yakaisha. Haya yametoka mwambani sasa hivi." Alinieleza yote, yanapoingia na yanapotokea, kama niko kidato cha kwanza. Nikakataa. Akaniita mara ya pili. Nikasema nitaloweka miguu, na hata miguu sikuloweka. Nilikaa juu ya jiwe, gauni langu la gomesi limefungwa vizuri na mkanda wake, kama niko harusini. Mara ya tatu hakuniita. Alizungukazunguka kidogo peke yake, akatoka, akaniegemea begani akanilowesha. Akasema, "Haya basi mama, tutarudi mwaka kesho."

Hiyo ndiyo jioni yote. Mwanangu aliniita mara mbili na mimi niliogopa maji yako. Ndiyo maana niliitaka asubuhi yako kwa nguvu vile. Ya kwangu niliiharibu mwenyewe.

Olivia


Namatala
19 Mei 2024

Mama mkwe,

Nimekula. Dada yangu Khainza amehamia hapa kwa muda na ananipakulia kama mfungwa aliyetoka kifungo cha giza.

Nimesoma barua yako kwa vipande, nikifika kwenye kitasa cha mlango naiweka chini. Kwa hiyo uliona. Tangu Februari nilidhani dakika zile mbili nilibaki nazo peke yangu duniani, na kwamba nikifa zimeisha. Sasa ziko kwa watu wawili. Sijui kukuambia jinsi nilivyopumua.

Hasira yangu imepungua, haijaisha, sitaki kukudanganya tena. Lakini kuna jambo linaniuma kuliko kufichwa. Kumbuka tulivyorudi. Siku mbili, gari moja. Mimi najua, wewe unajua, na yeye kati yetu anaongea habari za mitihani ya kidato cha nne kutoka Lodwar hadi Mbale, ili mmoja asigundue kwamba mwenzake anajua. Ningeweza kunyoosha mkono nikafungua leso ile. Tungegeuza gari tukaenda Kampala moja kwa moja. Pengine isingesaidia. Sisi hatukujaribu, kwa sababu ya heshima.

Likizo yangu ni Desemba. Nakuomba nikupeleke tena. Khainza atakaa mbele, wewe nyuma, pazia nitafunga kama desturi. Tukifika nitakuachia bwawa lote. Nitakwenda kwa wenye ngamia tangu asubuhi hadi jioni na maji yale sitayagusa, uingie bila wasiwasi wowote juu yangu. Alisema mtarudi mwaka kesho. Sitaki awe mwongo.

Mkwe wako,
Geresom


Bwawani
28 Desemba 2024, asubuhi

Geresom,

Karatasi hii nimeichana kwenye kitabu cha wageni cha Umar, yeye mwenyewe ndiye atakayekuletea huko uliko. Imelowa, isome hivyohivyo.

Nimeingia. Nilishuka na gomesi langu lote, Khainza amenishika mkono huu na ukuta nimeushika kwa mkono mwingine. Gomesi likajaa hewa likapanda juu kama mwavuli, Khainza akacheka mpaka akakaa chini. Maji yalipofika kifuani nilimwita Cissy. Niliita kwa sauti yangu ya sokoni, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Umar alikuja mbio akidhani ninazama.

Nilikuwa nimejiaminisha kwamba nikiingia nitamkuta. Mwaka mzima nimejiambia hivyo, yupo pale, ananingoja, nikiingia tu atanisamehe. Hayupo, Geresom. Ni maji ya uvuguvugu, yanatoka mwambani yanakwenda zake kwa mbuzi. Nimelia humo mpaka nikachoka kulia.

Nilipochoka nikaanza kufikiri kwa akili. Duniani kote ni nani mwingine anayejua jinsi alivyocheka mahali hapa? Ni mtu mmoja tu, naye amekaa juani kilomita nzima kutoka hapa, anatazama ngamia wa watu, ili mimi nisione aibu. Nimetoka majini nikakaa kwenye ngazi kukuandikia. Na nakwambia ukweli, aibu sina tena. Nilikuwa nayo siku mwanangu aliponyoosha mikono, na unajua ilichonifanyia.

Wewe umebaki na asubuhi yake na mimi sina mtoto mwingine. Kwa hiyo barua zimetosha. Waache hao ngamia uje. Mimi narudi majini sasa hivi, nitakuwa pale kwenye kina. Ingia nikiwa humo, ukipenda kaa ukuta wa pili, halafu unisimulie ile asubuhi kwa mdomo wako tangu mlipofunguliwa geti, nikikuangalia usoni.

Njoo upesi, mwanangu, nimekaa humo hadi vidole vimekunjamana.

Mama